Habari za Shule Yetu: Majina Hatutasoma Tena

   Mwezi huu habari nzuri zipo. Lakini ipo moja ambayo ni kosa langu mwenyewe, na nimeona heri niiandike mimi kabla hamjaisikia bombani ikiwa imeongezwa chumvi.

Nianze na zile nzuri.

Tarehe 30 Aprili, ambayo kwetu Kongo ni siku ya walimu, darasa la sita walicheza mpira na sisi walimu wao. Tulifungwa mabao 4 kwa 1. Direkta ndiye aliyekuwa golini, kwa hiyo sitaeleza zaidi. Mpira wenyewe ulikuwa wa mifuko na kamba, walioufunga watoto wa darasa la tano, na ulidumu mpaka mwisho bila kufumuka. Hongera zao.

Bustani ya darasa la nne imeota. Wamepanda lengalenga nyuma ya madarasa na wanamwagilia kwa maji ya kunawia mikono, hawachoti mengine. Mafungu tisa ya kwanza tuliwapa wanafunzi wanaoishi na bibi zao tu. Wenye mbuzi, tafadhali sana, wafungeni.

Pia tumeanza mazoezi ya tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Watoto wengi wanaipenda kwa sababu ya nyimbo na ngoma, lakini mwaka huu tunataka wajue ilitoka wapi. Mwaka 1976, kule Soweto, Afrika Kusini, maelfu ya wanafunzi waliandamana kwa sababu serikali ya wakati ule ilitaka wafundishwe kwa Kiafrikaans. Walipigwa risasi, wengi wakafa. Mwaka 1990 Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliamua tarehe hiyo ikumbukwe, na tangu 1991 inakumbukwa kila mwaka. Darasa la tano wanaandaa igizo. Wazazi mnakaribishwa wote, na siku nne baadaye, tarehe 20, tutakuwa pamoja tena kwa Siku ya Wakimbizi Duniani.

Sasa habari yenyewe.

Mwanzoni mwa Mei nyumba moja katika kijiji chetu iliungua. Moto ulitoka jikoni, ukashika nyasi, ukapanda kwenye shitingi. Mnajua shitingi ikishika moto hakuna cha kuuliza. Tunashukuru hakuna mtu aliyeumia. Lakini watoto watatu wa nyumba ile, kaka wawili na dada yao, wote wa shule yetu, walibaki na nguo walizovaa tu. Madaftari, mashati ya shule, kalamu, vyote viligeuka majivu. Asubuhi yake walikuja shuleni hivyohivyo, mikono mitupu, wakakaa kwenye madawati yao.

Darasa la sita ndio waliokuja kwangu. Wakasema, "Mwalimu, tuwachangie." Wazo ni lao, si langu. Tukaweka shilingi 200 kwa anayeweza, na asiyeweza alete kipande cha sabuni au kalamu.

Wazazi wengine waliuliza, na wana haki ya kuuliza: mkimbizi anachangishwaje? Sisi ndio tunaongoja mgao, leo tena watoto wetu watoe? Nawajibu kwa nilichokiona mwenyewe. Mimi nimezaliwa humu kambini. Mwaka 2015, ndugu zetu Warundi walipoingia kwa wingi hapa Nyarugusu, nilikuwa bado mwanafunzi wa msingi. Mwalimu wetu alituambia kila mwenye daftari lenye kurasa tupu achane zile zilizoandikwa, alete zilizobaki. Sikuwahi kujiona maskini siku ile. Nilijiona mtu mwenye kitu cha kutoa. Hilo ndilo nililotaka watoto hawa nao walipate.

Kosa langu lilikuja kwenye namna ya kukusanya.

Kila asubuhi mstarini, baada ya wimbo, nilisimama na daftari nikasoma majina ya waliotoa. Fulani, shilingi 200, makofi! Fulani, sabuni, makofi! Nilidhani nawapa moyo. Watoto walifurahi kweli, na pesa zikaja haraka. Kwa siku nne tukafikisha shilingi 14,600.

Jumatatu iliyofuata msichana mmoja wa darasa la nne hakuja. Jumanne hakuja. Ni mtoto asiyekosa, hata mvua ikinyesha utamkuta na mfuko wake kichwani. Jumatano baada ya masomo nikaenda kwao. Mama yake alikuwa anachambua maharage mlangoni. Nikamsalimia, nikauliza, "Mama, mtoto anaumwa?"

Akaniangalia. "Mwalimu, si yuko shuleni kwako? Kila asubuhi ananiaga."

Mimi na yule mama tulisimama pale hatuna la kusema. Kisha akavua kilemba, akakifunga kiunoni, tukaanza kutafuta. Tuliuliza bombani, tukauliza sokoni. Jua lilikuwa linazama tulipomwona anatoka upande wa porini, peke yake, na mzigo wa kuni kichwani, mfuko wa shule shingoni.

Mama alimshika tu, hakumpiga. Mimi nikauliza, "Mdogo wangu, ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Akasema, "Nilikuwa natafuta mia mbili yangu. Nikishauza kuni nirudi, unisome na mimi."

Ndugu wasomaji, sote tunayajua yanayowapata wasichana porini. Mara ngapi tumekaa kwenye mikutano tukisema mtoto wa kike asiende kuni peke yake. Na mimi mwalimu, kwa daftari langu na makofi yangu, ndiye niliyempeleka huko siku tatu. Alirudi salama. Usiku ule sikulala.

Nilirudi kesho yake kuomba msamaha. Yule mama alinipa kiti, akanipa na maji, halafu akasema, "Mwalimu, wewe ni mtoto wetu, sikugombezi. Ila nikuambie kitu. Mimi nilikuwa darasa la tatu kule Baraka, mwaka 1995. Direkta alikuwa anaingia na karatasi, anasoma majina ya wasiolipa pesa za walimu. Ukisomwa unabeba vitu vyako unatoka, wenzako wanakuangalia. Mpaka leo nikisikia mtu anasoma orodha, tumbo linanikata. Wewe ulisoma waliotoa. Lakini mtoto ambaye jina lake halikusomwa, amelisikia."

Wakubwa mnaikumbuka ile habari ya prime. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, mzigo uliwaangukia wazazi, na watoto wangapi walirudishwa nyumbani kwa orodha za namna hiyo. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ni bure, lakini mpaka Septemba 2019 ndipo serikali ilipoanza kuitekeleza bure hiyo. Mkataba wa Afrika wa Haki za Mtoto, wa mwaka 1990, nao unasema hivyohivyo kwenye kifungu cha 11. Mimi mambo hayo nawafundisha watoto ubaoni. Kumbe ubaoni nafundisha hivi, mstarini nafanya vile.

Ijumaa komite ya wazazi ilikaa. Nilieleza yote mbele ya direkta. Hapo tulibishana, na nataka mjue pande zote mbili. Mzee mmoja alisimama akasema majina lazima yasomwe, maana pesa isiyosomwa inapotea. "Tumeona michango mingi humu kambini, tukiuliza iko wapi tunaambiwa subirini." Wengi walimpigia makofi, na mimi sikuona ubaya wa neno lake. Mwingine akasema tuache kabisa kuchangisha watoto. Ndipo msichana wa darasa la sita, aliyekuja kuwasemea wanafunzi, akanyoosha mkono. Akauliza, "Kwani tukisoma pesa bila kusoma watu haiwezekani?"

Basi tukakubaliana hivi.

Kwanza, kikapu. Kinafunikwa kwa kitenge, kinapitishwa darasani, na kila mtoto anaingiza mkono chini ya kitenge na kuutoa. Mwenye kitu anaacha, asiye na kitu anaingiza mkono vilevile. Hakuna anayejua cha nani ni kipi, hata mwalimu.

Pili, kuhesabu. Wanahesabu watu watatu mbele ya wote: mwanafunzi mmoja wa darasa la sita, mzazi mmoja na mwalimu mmoja. Jumla inaandikwa ubaoni na haifutwi wiki nzima.

Tatu, hakuna mchango utakaomzuia mtoto kuingia darasani, kula uji wala kucheza. Hata siku moja.

Jumatatu kikapu kilipita. Sitawaficha, pesa zilipungua. Wiki ya majina tulipata 14,600, kikapu kilileta 9,800. Pia kilileta vipande saba vya sabuni, vifungo kumi na kimoja, kalamu za risasi tano, moja imekatwa nusu, na vifuniko vitatu vya soda, vile vya kuhesabia vya darasa la kwanza. Watoto walivicheka vile vifuniko. Nikawaambia tutavihesabu na vyenyewe, na tukaviandika ubaoni.

Yule msichana wa darasa la nne yupo darasani. Yeye na mama yake wameniruhusu niandike habari hii bila jina. Aliingiza mkono kwenye kikapu kama wenzake. Kama aliacha kitu au hakuacha, sijui, na sitauliza.

Yule mzee aliyedai hesabu alikuwa na haki, kwa hiyo hesabu yote ni hii:

Tulikusanya shilingi 14,600 na 9,800, jumla 24,400.
Madaftari 18 kwa shilingi 500, ni 9,000.
Kalamu 12 kwa shilingi 200, ni 2,400.
Mashati meupe 3 ya mitumba kwa shilingi 3,000, ni 9,000.
Miche 2 ya sabuni kwa shilingi 1,000, ni 2,000.
Jumla tumetumia 22,400.
Zimebaki 2,000, ziko kwa mama mtunza pesa wa komite.

Kila mtoto alipata madaftari sita, kalamu nne na shati. Mashati yalikuwa makubwa, fundi wa cherehani wa kijiji chetu akayapunguza bila kuomba hata senti, na vifungo vilivyokosekana vilitoka kikapuni. Vipande vya sabuni alipewa mama yao pamoja na ile miche. Kalamu za risasi zimebaki darasa la kwanza, na ile nusu pia.

Wazazi, nina maombi matatu. La kwanza, mtoto akisema shuleni wameomba kitu, njooni mniulize kabla hamjampa na kabla hamjamkatalia. La pili, mtoto akiwaaga asubuhi, siku mojamoja mchungulie shuleni kama amefika. Na sisi tumeanza, mtoto akikosa siku moja bila taarifa, mwalimu anakuja nyumbani siku hiyohiyo, hangoji ya tatu. La tatu, moto. Msiache sufuria jikoni mkaenda bombani, wekeni ndoo ya mchanga karibu, na makaa yazimwe kabisa kabla ya kulala. Mtoto akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha mumpeleke zahanati. Dawa ya meno na mafuta msipake.

Tarehe 16 Juni kikapu kitakuwa mlangoni, na kitenge chake. Mara hii ni kwa watoto wapya waliofika wasio na madaftari. Wakubwa nanyi mtaingiza mkono, mwenye kitu na asiye na kitu, na hakuna atakayewasoma.

Tumalizie na swali la mwezi, mlifanye nyumbani pamoja. Mama amepata mgao wa unga kilo 24 wa siku 28. Siku 10 za kwanza wageni walikuja, akatumia kilo 15. Je, siku zilizobaki apike gramu ngapi kwa siku ili usiishe kabla ya mgao mwingine? Jibu mwezi ujao. Akina mama wengi nadhani hawahitaji kungoja.

 

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea.