Hiari Yashinda Utumwa, Ila Hiari ya Nani?

Nafasi za kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) zikitangazwa, mwenye duka la fotokopi hulala mapema, maana anajua kesho yake. Ukungu haujaachia mashamba ya chai ya Mponde, vijana wameshapanga foleni na bahasha za kaki: cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, barua ya mtendaji wa kijiji. Mmoja vidole vyake bado vyeusi kwa utomvu wa majani mabichi. Hakuna aliyemlazimisha.

Foleni hiyo hunijia akilini kila ninaposikia kwamba vijana wa leo wamelegea, na dawa yao ni kupelekwa wote jeshini kwa lazima. Lazima si jambo geni kwetu. JKT ilianza Julai 10, 1963. Mwaka 1966 wasomi wa vyuo wakatakiwa nao kulitumikia taifa, muda mwingi kwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wa Chuo Kikuu wakaandamana Oktoba 22 mwaka huo, na Mwalimu Nyerere akawafukuza karibu 400. Lazima ikasimamishwa 1994, ikarejeshwa 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita.

Geuza sasa ukurasa hadi Aprili 2021. Vijana 854 wa kujitolea waliondolewa JKT baada ya kugoma wakidai ajira jeshini. Baadaye Rais Samia Suluhu Hassan akawasamehe. Wale wa 1966 walifukuzwa kwa kukataa kuingia. Hawa waliondolewa kwa sababu hawakutaka kutoka. Taifa lenye tatizo la namna hii halina uhaba wa askari. Lina uhaba wa kazi.

Wanaotetea lazima wana hoja. Kambini mtoto wa waziri na wa mkulima hula ugali mmoja na kuamshwa na filimbi moja, na Msambaa hulala kitanda cha juu ya kile cha Mmakonde. Tena majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwaka 1978, mgambo na vijana waliopitia JKT ndio waliolijaza jeshi upesi. Lakini mkono wa lazima hauchelewi kurefuka: Eritrea iliweka miezi 18 katika sheria yake ya 1995, vijana wakashikiliwa miaka na miaka, na maelfu wakaikimbia nchi.

Hapa kwetu ni miezi mitatu, na sina ugomvi nayo. Ninachohofia ni upande wa hiari. Mwaka uleule wa 2013, kiwanda cha chai cha Mponde kilifungwa kufuatia mgogoro wa wakulima na mwekezaji, kikakaa kimya miaka mingi. Kijana wa Mponde akaona mlango mmoja ukifungwa na mwingine, wa JKT, ukifunguliwa, ila ule uliofunguliwa ulikuwa wa waliofika kidato cha sita. Yeye akabaki kuomba kujitolea.

Matangazo humwambia waziwazi kwamba JKT haitoi ajira. Hata hivyo anajua kuwa majeshi yetu huajiri sana kutoka kwa waliopitia JKT. Tangazo linakataa, desturi inaahidi, naye anasikiliza desturi. Ndiyo maana kupanua lazima hakutatibu kitu. Kutaongeza tu idadi ya wanaosubiri. Kinachotakiwa ni kila anayejitolea atoke kambini na ufundi wenye cheti kinachotambulika: useremala, umeme, uchomeleaji, kilimo. Na idadi ya watakaoajiriwa itajwe kabla hajapanda basi.

Akirudi Mponde na ufundi mkononi, atafungua karakana na kuajiri wenzake. Akirudi na kwata peke yake, tutamkuta tena kwenye foleni ya fotokopi, safari hii akiwa na cheti kimoja zaidi cha kudurufu.