Mzee, Baisikeli na Kijibwa

Wahenga walisema kwamba utu uzima ni dawa, lakini wako wazee wengi waliougeuza utu uzima kuwa kiti. Mtu akisha kustaafu, watoto humnunulia kiti kizuri, humweka chini ya mwembe, na tangu siku ile kila apitaye humwambia, "Pumzika, Mzee." Neno hilo ni la heshima, wala halina ubaya. Lakini miguu isiyotumika hupungua nguvu, na mwili usiozoezwa kujisawazisha huanguka hata pale mlangoni pa nyumba.

Na uchukuliwe mfano wa mwalimu mmoja mstaafu, mwenye umri wa miaka 68, akaaye kijijini katika sehemu za Busia. Zamani za ujana wake alikwenda shuleni kwa baisikeli asubuhi na kurudi jioni, na siku za Jumamosi alipakia mahindi juu ya karia akayapeleka kusagwa. Pikipiki zilipoenea, baisikeli ilitundikwa darini ikawa makao ya buibui, na mwalimu akazoea kubebwa.

Mjukuu wake alipokwenda shule ya bweni alimwachia kijibwa cheupe chenye miguu mifupi, akamwambia, "Babu, nitunzie huyu mpaka nitakapofunga shule." Baada ya majuma machache likatoka tangazo kwamba mbwa wote watachanjwa sokoni, mwendo wa kilomita 6. Mwalimu alijua maana ya tangazo lile. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikisha kuonekana kwa mtu, karibu daima huleta mauti, na wengi wanaopatwa nacho huumwa na mbwa. Basi akawaita vijana wa bodaboda. Mmoja alikataa kumpakia mbwa, wa pili akacheka tu. Kwenda kwa miguu hakuwezekana, kwa sababu goti lake lilimwuma akitembea mbali. Mwalimu akaegemeza ngazi, akaishusha baisikeli.

Hapo ndipo alipofanya kosa la kwanza. Watu husema kwamba aliyejifunza kuendesha baisikeli hasahau, na kwa kweli ubongo huuhifadhi ustadi huo kwa miaka mingi sana. Lakini ubongo kukumbuka ni jambo moja, na shingo, mikono na magoti kutii ni jambo jingine. Mwalimu alijaza tairi upepo, akapanda papo hapo. Gurudumu likayumba kushoto, likayumba kulia, akaingia katika ua wa michongoma mbele ya watoto wa jirani. Habari ilimfikia mwanawe mjini kabla ya jua kuchwa.

"Baba," mwanawe akasema kwa simu, "tafadhali irudishe darini. Watu watasema kwamba hatukutunzi."

"Kiti mlinipa, mwanangu, nami nashukuru," akajibu mwalimu. "Lakini mbwa wa mtoto hatafika sokoni kwa kiti."

Kesho yake aliipeleka baisikeli kwa fundi. Tairi zilikuwa zimekauka na kupasukapasuka, zikatolewa. Mipira ya breki ilikuwa migumu kama jiwe, ikabadilishwa. Mnyororo ulisafishwa kwa mafuta ya taa, kisha ukatiwa mafuta ya mashine. Mwisho fundi alilishusha tandiko hata mwalimu akaweza kukanyaga chini kwa nyayo zote mbili akiwa ameketi. "Baadaye tutalipandisha kidogo, Mwalimu," akasema, "maana tandiko la chini mno huumiza magoti. Kwanza uzoee kupanda na kusimama."

Kwa muda wa juma zima mwalimu alijizoeza kila jioni katika kiwanja cha shule, mahali pasipo na magari. Alijizoeza kuanza, kusimama, kugeuza shingo atazame nyuma pasipo kuupindisha usukani, na kuushika usukani kwa mkono mmoja. Kisha ikaja zamu ya kijibwa. Kikapu imara kilifungwa mbele, kikatandikwa gunia. Siku ya kwanza mbwa aliketi ndani yake baisikeli ikiwa imesimama. Siku ya pili alisukumwa pole pole. Siku ya tatu ndipo alipoendeshwa. Mshipi wake ulipitishwa kifuani, si shingoni, kwa sababu mbwa aliyefungwa shingoni akiruka aweza kujinyonga. Wala mwalimu hakuifunga kamba ya mbwa usukanini ili akimbie kando, kwa kuwa mbwa akimwona kuku, wataanguka wote wawili.

Siku ya chanjo waliondoka alfajiri, kabla ya jua kuwa kali. Mbwa hatoki jasho mwilini kama mtu. Hujipoza kwa kuhema, na joto laweza kumwua upesi. Mwalimu alichukua chupa ya maji na bakuli. Penye mlima alishuka, akasukuma. Penye mashimo alishuka tena. Njiani watu walimwita, "Mwalimu amempakia mbwa kama bibi harusi!" Katika nchi ambamo kazi ya mbwa ni kulinda boma, hayo si maneno madogo kwa mzee mwenye heshima. Mwalimu alipiga kengele, akapita. Kijibwa kikachanjwa, na cheti kikatiwa mfukoni.

Linalostahili kuangaliwa ni hili: kile kijibwa hakikuwa mzigo tu. Mzee arudiaye baisikeli peke yake hutaka kwenda kama alivyokwenda akiwa na miaka 25, naye hujiumiza. Lakini mwenye mnyama mdogo mbele yake hupunguza mwendo, hushuka penye hatari, na hupumzika penye kivuli. Kwa kumtunza mbwa, alijitunza mwenyewe asijue.

Wala si yeye peke yake aliyerudi baada ya kuacha. Robert Marchand wa Ufaransa, aliyezaliwa mwaka 1911, aliacha baisikeli kwa miaka mingi akairudia alipokaribia miaka 70. Mwaka 2012, akiwa na miaka 100, aliendesha zaidi ya kilomita 24 kwa saa moja. Mwaka 2017, akiwa na miaka 105, aliendesha kilomita 22 na nusu kwa saa moja. Alifariki mwaka 2021 akiwa na miaka 109. Si kila mtu atakayefika huko, wala haihitajiki. Shirika la Afya Duniani lashauri watu wazima, wazee wakiwamo, wautumikishe mwili kwa kiasi kwa dakika zisizopungua 150 kila juma, na wazee wajizoeze pia kujisawazisha. Kwenda sokoni na kurudi mara mbili kwa juma ni sehemu kubwa ya hesabu hiyo.

Mwishoni mwa mwezi mwana wa mwalimu alikuja nyumbani. Alikuta kiti chini ya mwembe kina kuku. Akangoja. Jua lilipokuwa likielekea kuchwa alimwona baba yake akija barabarani pole pole, na masikio mawili meupe yakichungulia kikapuni. Yule kijana hakusema neno juu ya watu na maneno yao. Aliinama, akabana breki ya mbele, kisha ya nyuma, akalizunguka gurudumu.

"Baba," akasema, "hapa nyuma hapana taa."

Basi mwenye baisikeli darini na aishushe. Akiwa ana ugonjwa wa moyo au kizunguzungu, amwone daktari kwanza. Aipeleke kwa fundi kabla ya kuipanda, ajizoeze mahali pasipo na magari, na mbwa wake amchanje kila mwaka. Kuhusu wachekao, na wacheke. Haba na haba hujaza kibaba, na kilomita 6 hukamilishwa kwa kukanyaga mara moja, na mara moja tena.