Muuguzi Apewe Programu, Apewe na Ubao

Simama saa saba mchana nje ya shule ya msingi kati ya Mchafukoge na Kariakoo. Chipsi zinakaangwa hatua chache kutoka langoni, soda na juisi za pakiti zimelazwa kwenye barafu, na watoto wanarudi katika maghorofa yasiyo na hata ua wa kuchezea. Hapo ndipo unene uliokithiri unapopikwa. Kisha sisi wasomi tunakaa ukumbini na kuazimia kwamba dawa yake ni kumfundisha muuguzi kutumia programu ya simu.

Siyapingi mafunzo hayo. Ninapinga uvivu wa kuyaita suluhisho.

Kliniki zetu zimezoea kumtafuta mtoto aliyekonda, na zina haki: mwaka 2022 asilimia 30 ya watoto wa Tanzania wenye umri chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Lakini mstari ambao akina mama wengi wanaujua kwenye kadi ni wa uzito kwa umri. Ukipanda, mama hupongezwa. Mtoto aliyedumaa akanenepa anaweza kuonekana salama, kwa sababu hakuna aliyeuliza urefu wake. Shirika la Afya Duniani linatoa bure programu za Anthro na AnthroPlus, zinazolinganisha uzito, urefu na umri. Ya pili inafika hadi miaka 19. Programu, basi, ipo. Bila mizani sahihi na ubao wa kupimia urefu, itakokotoa uongo kwa kasi ya ajabu.

Pengo kubwa zaidi ni hili. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18. Baada ya hapo wazazi wengi hawarudi kliniki ila mtoto anapougua. Miaka ya soda na chipsi inaanza pale macho ya muuguzi yanapokoma. Tunamfundisha akalielimishe benchi tupu?

Nadai mambo matatu. Mosi, muuguzi afike shuleni kila muhula kwa ratiba ya kazi, si kwa hisani, na afundwe kuzungumza na bibi anayeamini kuwa unene ndiyo afya, bila kumwaibisha mtoto. Pili, vifaa na bando vigharimiwe na mwajiri. Muuguzi asielimishe taifa kwa vocha yake. Tatu, Halmashauri ya Jiji iamue nini kiuzwe kwenye malango ya shule. Mtasema wachuuzi wanatafuta riziki. Ni kweli, lakini machungwa, ndizi na mahindi ya kuchemsha navyo ni riziki.

Jina Mchafukoge, likisomwa neno kwa neno, linamwambia mchafu akaoge. Nasi tunamwamuru akaoge, ilhali bomba tumelifunga wenyewe.