Turudishieni Vitenzi

Kuna hoja inayorudiwa kila zinapotajwa gemu za kompyuta za zamani, nami imenichosha. Eti vile vitenzi vilivyopangwa chini ya skrini (fungua, funga, sukuma, vuta, toa, okota, tumia, tazama, ongea) vilikuwa mzigo wa enzi za disketi, na siku vilipoondolewa mchezaji akapumua. Hoja hii husemwa kwa upole, kama watu wanavyomtaja marehemu, na karibu kila mtu huitikia. Mimi siitikii. Nasema vitenzi vile ndivyo vilivyozifanya gemu zile kuwa fasihi, na aliyeviondoa alituachia picha nzuri za kutazama, basi.

Kwa ambao hawakuzikuta: mwanzoni gemu za visa na mafumbo zilikuwa maandishi matupu. Unaandika amri kwa Kiingereza, kompyuta inakujibu. Raha yake ilikuwa kubwa na karaha yake vilevile, maana unaweza kujua kabisa unachotaka kufanya ukashindwa kwa sababu tu mashine haijui neno ulilochagua. Mwaka 1985 kwenye Macintosh ikatoka Déjà Vu, ikiwa na vitenzi vinane vya kubofya kwa kipanya. Mwaka 1987 Ron Gilbert na Gary Winnick wakaleta Maniac Mansion kwenye Commodore 64, ikiwa na vitenzi kumi na tano. Kimojawapo kilikuwa cha kuuliza tu "hiki ni nini?" Unabofya kitenzi, unabofya kitu, na sentensi inajiandika mbele ya macho yako.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame kidogo, sisi tunaojiita wasomaji. Kamusi yote ya ulimwengu ule imewekwa wazi mezani. Hakuna neno lililofichwa, hakuna kubahatisha. Lakini sentensi ni yako. Mshairi anayepewa vina na mizani halalamiki kwamba amefungwa mikono. Anajua ndani ya mipaka ile ndipo kazi ilipo. Vitenzi tisa na vitu ishirini ndani ya chumba kimoja vinatosha kuandika mambo mengi sana ya kijinga, na gemu nzuri ilikuwa na jibu kwa kila ujinga. Jaribu kuuvuta ukuta. Jaribu kuongea na mbwa. Mwandishi alikuwa ameshafika hapo kabla yako na kukuachia kichekesho.

Mfano wangu ni The Secret of Monkey Island ya mwaka 1990, kazi ya Gilbert, Tim Schafer na Dave Grossman, iliyochezwa sana kwenye Amiga na Atari ST. Kuna mahali kijana Guybrush anaingia nyumbani kwa gavana kuiba kinyago. Anapenya kwenye tundu la ukuta na hatumwoni tena. Tunachosikia ni kishindo tu. Halafu ule mstari wa chini, ambao mpaka dakika ile ulikuwa wako peke yako, unaanza kujiandika wenyewe: tumia hiki kwa kile, okota hiki, sukuma kile, vitu ambavyo hujawahi kuviona, kwa namna ambazo huwezi kuzielewa, na kila amri ni ya kipuuzi kuliko iliyotangulia. Mnaona kilichotokea? Msimulizi amekunyang'anya kalamu. Wanazuoni wa riwaya wameandika vitabu juu ya msimulizi anayemsaliti msomaji wake, na hapa jambo hilohilo limefanyika kwa sekunde chache, kwenye mashine iliyounganishwa na televisheni ya sebuleni. Ondoa vitenzi, na kichekesho hiki hakiwezekani hata kufikirika.

Muda si mrefu Guybrush anatupwa baharini akiwa amefungwa kwenye kinyago kilekile. Pembeni yake, chini ya maji, kumejaa vitu vya kukatia kamba: visu, mikasi, misumeno. Vyote haviwahi. Mchezaji anahangaika na "tumia", maana amezoea kwamba "tumia" ndiyo njia ya kila kitu. Jibu ni "okota". Okota kinyago, tia mfukoni, tembea mpaka ufukweni. Fumbo zima limesimama juu ya tofauti ya vitenzi viwili. Na ukikaa bure mpaka dakika kumi za pumzi yake ziishe, Guybrush anakufa, na orodha ya vitenzi inabadilika: sasa unaweza kuelea, kuvimba na kuoza. Hata kifo kimeandikwa kwa sarufi! Nikiambiwa hiyo siyo fasihi nauliza fasihi ni nini basi, ni jalada?

Halafu kuna zile vita vya upanga, ambavyo msomaji wa Kiswahili angepaswa kuvipenda kuliko mtu yeyote, kwa sababu sisi tuna mipasho na tuna malumbano ya mashairi. Kwenye Monkey Island panga ni mapambo tu. Anayeshinda ni mwenye jibu kali. Unajifunza matusi kwa kutukanwa na majibu kwa kushindwa. Ukifika kwa bingwa wa kisiwa, yeye anakupiga kwa matusi ambayo hujawahi kuyasikia, na wewe huna jibu jipya hata moja. Inabidi utafute, kati ya majibu yale ya zamani, lipi linalochoma pia tusi hili jipya. Matusi yenyewe aliyaandika mwandishi wa riwaya, Orson Scott Card. Huo ni mtihani wa ufahamu, jamani, na ni mzuri kuliko mingi tuliyofanya shuleni.

Sitazungumza sana kuhusu kampuni ya Sierra na King's Quest zake. Walipotoa King's Quest V mwaka 1990 walikuwa wameshaacha kuandikisha amri na kuweka alama chache: mguu, jicho, mkono, mdomo. Mkono ule ulifanya kila kitu, na kwa sababu hiyo haukusema chochote. Ukikosa kumtupia paka kiatu kwa wakati ili kumwokoa panya, hutajua umekosa, na mbele ya safari utakwama kabisa. Wapo wanaoipenda. Kila la heri kwao.

Mpinzani wangu mwenye akili ataniuliza: na Loom je? Swali zuri. Loom ya Brian Moriarty, mwaka 1990 huohuo, haina orodha ya vitenzi. Bobbin, kijana wa chama cha wafumi, anatembea na fimbo ya kusokotea uzi, na kila tendo ni wimbo mfupi wa noti nne. Lakini sikilizeni zile noti zinafanya nini. Kuna wimbo wa kufungua. Upige kinyumenyume, unafunga. Kuna wa kusokota, ugeuze, unasokotoa. Huo ni unyambulishaji! Ni kiambishi tendua, kilekile kinachotutoa kwenye ziba kwenda zibua, kwenye tega kwenda tegua, na kwa hawa wafumi hasa, kutoka fuma kwenda fumua. Mwingereza anayeicheza Loom anaona uchawi. Mswahili anaona sarufi yake imewekewa muziki. Kwa hiyo Loom haikuondoa vitenzi hata kidogo. Iliondoa maandishi yake, ikaacha mashina, na bado ikamtaka mchezaji aseme kitu.

Walioondoa kweli wanajulikana. Myst ya ndugu wawili, Robyn na Rand Miller, ilitoka mwaka 1993 kwenye Macintosh, ikauza mamilioni, na ndani yake huna neno lolote la kusema. Unabofya tu picha tulivu na kusubiri. Mwaka uliofuata ikaja Beneath a Steel Sky, gemu ninayoipenda kwa michoro ya Dave Gibbons na kwa maongezi yake, lakini kitufe kimoja ni cha kutazama na kingine ni cha kufanya. Kufanya nini? Lolote linalofaa. Gemu inajua, wewe hujui. Nakumbuka utani wa yule roboti. Nikijaribu kukumbuka nilichofanya mimi mwenyewe, nabaki na kubofya. (Tangu 2003 wenyewe wameitoa bure, na kwa programu ya ScummVM inakubali hata kwenye kompyuta chakavu kama yangu. Ichezeni, mniambie kama nasema uongo.)

Hoja yao kuu ni ya wepesi. Wanasema mlango ni wa kufunguliwa, sasa ya nini nichague "fungua"? Nakubali kwamba vitenzi vingine vilikaa bure. Kwenye toleo la kwanza la Monkey Island kulikuwa na "washa" na "zima" ambavyo kazi yake ilikuwa ndogo mno, na waandishi wenyewe wakavipunguza. Sawa, hariri ni hariri. Lakini mlango si wa kufunguliwa tu. Mlango husukumwa, huongeleshwa na mlevi, hutazamwa na anayeogopa kuingia. Kuamua mapema kwamba una tendo moja halali ni kumsomea mtu kitabu huku umemfunika macho.

Inayonikera zaidi ni Return to Monkey Island ya mwaka 2022, kwa sababu safari hii aliyefanya hivyo ni Gilbert mwenyewe, pamoja na Grossman. Miaka mitano kabla, kwenye Thimbleweed Park, alikuwa amevirudisha vitenzi vyote tisa. Sasa ukipeleka kipanya juu ya kitu, gemu inakuandikia sentensi nzima, ya kuchekesha kweli, kuhusu kile Guybrush anachotaka kufanya. Ni sentensi bora kuliko zangu, hilo sibishi. Ila si zangu. Zamani aliniachia nafasi nikaandika upuuzi wangu, yeye akaujibu. Leo anaandika swali na anaandika jibu, mimi nabaki nimeshika karatasi kama mjumbe.

Na hapa ndipo nawageukia waandishi wetu, maana vijana wanaotengeneza gemu kwa Kiswahili wapo na watazidi kuwepo. Msiige kitufe kimoja. Mna lugha ambayo kitenzi chake kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, na bado kina nafasi ya mkia. Hebu fikirieni skrini yenye mashina sita upande wa kushoto na viambishi upande wa kulia. Unabofya "fung-" na mlango. Ukiongeza -a umeufunga, -ua umeufungua, -ia umemfungia mtu ndani, -ana mmefungana wewe na mlinzi kamba moja na sasa mtafute namna ya kutembea. Mwingereza alihitaji "tumia ufunguo kwa mlango". Sisi tuna neno moja na herufi mbili za kuongeza.

Na juu kabisa, kwa herufi kubwa, ningeweka kitenzi ambacho Gilbert hakuwahi kuwa nacho: "piga". Unakibofya, halafu unazunguka chumba. Simu. Pasi. Picha. Mluzi. Magoti, mbele ya askari wa zamu. Chafya, ukiwa umejificha uvunguni.