Mshitakiwa Anapomkataa Wakili

Hati iliyoanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Arusha mwaka 1994 ilitamka katika ibara ya 20 kwamba mshitakiwa ana haki ya kujitetea mwenyewe, au kutetewa na wakili amtakaye. Je, haki hiyo yamruhusu kumfukuza wakili ili kesi ikwame?

Itakumbukwa kwamba mnamo Oktoba 2000 Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waanzilishi wa redio RTLM, alikataa kufika mbele ya majaji wa Arusha, akawaagiza mawakili wake wasimtetee. Kesi iliendelea bila yeye hadi hukumu ya Desemba 2003.

Hapa kwetu Kigali jambo hilo lilizuka kwa sura nyingine. Jean Uwinkindi, mchungaji wa Kayenzi, alikuwa mtu wa kwanza kukabidhiwa Rwanda na mahakama ya Arusha, Aprili 2012. Ukatokea ubishi juu ya malipo ya mawakili wake. Wakaondolewa, naye akapewa wengine. Hao akawakataa. Tarehe 30 Desemba 2015 Mahakama Kuu ilimhukumu kifungo cha maisha kwa mauaji ya kimbari.

Twaona kwamba mahakama haikuwa na budi kuendelea. Walionusurika nao wana haki ya kusikia hukumu katika uhai wao. Hata hivyo, wakili asiyesemezana na mteja wake hajui amwite shahidi gani, wala ushahidi una walakini wapi. Sisi askari twaijua tofauti ya kuhudhuria gwaride na kuwa tayari kwa vita. Kwa hiyo wakili wa kupewa asiwe sababu ya kumziba mshitakiwa mdomo; akitaka kuhoji shahidi mwenyewe, na ahoji.

Lakini yampasa jaji apambanue kwanza aliyemkataa wakili na aliyemkosa. Katika kesi za mwanzo kabisa, Kibungo, Desemba 1996, washitakiwa wawili walisimama peke yao kwa kuwa sheria ya Agosti mwaka ule iliwaruhusu wakili, ila si kwa gharama ya Serikali. Januari 1997 walihukumiwa kifo, adhabu ambayo Rwanda iliifuta mwaka 2007. Katika gacaca, zilizofungwa Juni 2012, mshitakiwa alijisemea pia, lakini alijibizana na majirani walioyajua mambo ya kilima chao. Katika Mahakama Kuu hujibizana na mwendesha mashtaka aliyesomea kazi hiyo.