Kompyuta 40 zikiwekewa mfumo mpya usiku, nani anaziangalia?

Tuseme umepata kibarua. Chuo kimoja Nakuru kinataka Windows 10 itolewe kwenye kompyuta zake 40 kabla ya muhula kuanza. Wewe uko Umoja, Nairobi, na nauli ya kwenda na kurudi kila siku itakula faida yote. Unapanga seva, unaziwasha zote kwa mtandao saa nne usiku, unalala. Asubuhi mwalimu anapiga simu: "Kijana wangu, zingine zimewaka, zingine ni nyeusi tu." Ngapi? Hajui. Zimekwamia wapi? Hajui. Wewe pia hujui, na malipo yako yameanza kuwa na maswali.

Vibarua vya aina hii vipo kwa sababu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10. Wenye kompyuta za nyumbani walipewa nafasi ya kujisajili wapate masasisho ya usalama hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo inadai chipu ya TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, kitu ambacho kompyuta nyingi za mitumba hazina. Kwa hivyo taasisi inanunua mpya au inahamia Linux. Vyovyote vile, lazima mtu aziwekee mfumo.

Kuweka bila kugusa kibodi si kazi ngumu tena. Kompyuta inawaka, inaomba anwani kwenye mtandao, inavuta kisakinishi kutoka kwa seva, kisha inasoma faili ya majibu: lugha gani, diski igawanywe vipi, nywila ni ipi. Video za kufundisha hayo zimejaa. Shida ni kwamba kompyuta inayofanya kazi na ile iliyokwama zinafanana kabisa ukiwa mbali. Zote zimenyamaza.

Sasa kumbuka Ijumaa ya tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ilisambaza sasisho bovu saa moja na dakika tisa asubuhi kwa saa zetu. Lilisimamishwa baada ya dakika 78 hivi, lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 zilikuwa zimeguswa. Ndege zilikaa chini, hospitali zikarudi kwa karatasi. Mbona marekebisho yalichukua siku nyingi ilhali dawa ilikuwa kufuta faili moja tu? Kwa sababu nyingi zilianguka kabla ya kufika kwenye mtandao. Hazikuweza kusema zinaumwa wala kupokea amri. Ilibidi fundi atembee, moja baada ya nyingine. Zenye Intel AMT, yaani njia ya kuiona skrini hata mfumo ukiwa umekufa, ziliweza kutibiwa kutoka mbali. Seva za Dell na HPE huwa na kitu kama hicho.

Kompyuta za chuo chako pengine hazina hiyo, na hapo ndipo kazi ya akili inaanza. Kisakinishi cha Ubuntu kinaweza kutuma ripoti ya kila hatua kwenye anwani utakayoipa. Cha Fedora kinatuma kumbukumbu zake kwa seva yako zikiwa bado moto. Debian inakuruhusu kuingia kwa SSH katikati ya kazi ukajionee. Windows huandika makosa yake kwenye faili ya setuperr.log, ila inabaki ndani ya mashine, kwa hivyo panga mapema vile itakavyokufikia.

Usiishie kusubiri ujumbe wa kosa. Stima ikipotea, bwana, hakuna kompyuta itakayokutumia barua ya kuaga. Weka muda: ikipita dakika 20 bila neno, hesabu kuwa kuna tatizo. Na "imekamilika" usiiamini hadi mashine iwake yenyewe na kuripoti ikiwa na jina lake. Nyingine humaliza vizuri halafu zinakosa draiva ya Wi-Fi.

Kuna jambo ambalo mafundi wengi vijana wanalipuuza. Ile faili ya majibu ina nywila, na mara nyingi inasafiri wazi kwenye mtandao uleule ambao wanafunzi wanatumia. Kumbukumbu nazo hupita hivyo hivyo. Tumia mtandao wa kando wakati wa kazi, na nywila hiyo iwe ya muda tu. Njia ya kuingilia kutoka mbali uifunge ukimaliza, na ruhusa ya kuitumia uwe nayo kwa maandishi. Sheria ya makosa ya mtandao ya 2018 inaadhibu kuingia kwenye kompyuta bila idhini, na kusema "mimi ndiye niliyeziweka" hakutakusaidia.

Kwenye bei yako, andika "ufuatiliaji" kama kazi inayojitegemea. Mteja akiuliza ni ya nini, mwonyeshe orodha ya zile 40: 31 tayari, sita zinaendelea, tatu zimekwama kwenye diski. Kisha mwambie mwalimu ni meza gani tatu za kwenda kuangalia.