Bloku ya Injini si Hirizi ya Gari la Turbo

Katika biashara ya magari yaliyotumika yanayoingizwa Afrika Mashariki kutoka Japani, magari yenye turbo yamejipatia wapenzi wengi, hasa miongoni mwa vijana wapendao mwendo. Pamoja na magari hayo imeingia hoja moja ambayo husikika kila wanapokutana wenye magari na mafundi wao: je, bloku ya injini hii ina uso wazi au uso uliofungwa? Akijibiwa kwamba uso umefungwa, mnunuzi huridhika kwamba amepata injini isiyokufa, na aghalabu hatua yake ya pili huwa ni kumwomba fundi aongeze msukumo wa turbo. Swali hilo lina msingi thabiti katika sayansi ya metali na ya joto. Kosa ni kulifanya kuwa swali la kwanza na la mwisho.

Bloku ni gogo la metali ambamo silinda za injini zimechongwa. Kazi zake kubwa ni tatu: kuhimili nguvu ya mlipuko, kupokea joto na kulikabidhi kwa maji ya kupozea, na kuishika krankshafti isipinde. Turbo huzifanya kazi zote tatu kuwa ngumu zaidi. Chombo hiki hutumia moshi unaotoka katika injini kuzungusha gurudumu dogo, nalo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda kuliko ile ambayo injini ingeivuta yenyewe. Hewa ikizidi, petroli pia huongezwa, na mlipuko huwa mkubwa.

Ukubwa wa nguvu hiyo waweza kukisiwa kwa hesabu nyepesi. Injini ya Subaru iitwayo EJ20 ina silinda za kipenyo cha milimita 92, kwa hiyo uso wa kila pistoni una eneo la sentimita za mraba 66 hivi. Ikiwa kanieneo ndani ya silinda, yaani nguvu inayokandamiza kila sentimita ya mraba, itafikia mara 100 ya kanieneo ya anga, basi pistoni itasukumwa kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 7 takriban. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila silinda hupata pigo la namna hiyo mara 50 katika kila sekunde. Kanieneo hiyohiyo huzisukuma pia kuta za silinda na kujaribu kuzipanua, wakati pistoni ikizikandamiza upande mmoja kwa zamu.

Hapa ndipo umbo la bloku linapopata maana. Bloku ya uso wazi yafanana na vikombe vilivyosimamishwa ndani ya karai la maji: chini vimeshikamana na karai, lakini juu, pale inapokaa gasketi ya silinda hedi, vimezungukwa na maji tu. Kwa hiyo vichwa vya silinda vyaweza kutikisika kidogo, na mtikisiko huo, hata ukiwa mdogo mno kuonekana kwa macho, huichosha gasketi. Bloku ya uso uliofungwa ina bamba la metali linalounganisha vichwa vya silinda na kuta za nje, na maji hupita katika matundu madogo tu. Bloku ya uso uliofungwa nusu huchukua njia ya kati: vipande vya metali hushikilia silinda katika sehemu chache, na nafasi inayobaki huachiwa maji.

Msomaji aweza kuuliza: ikiwa uso uliofungwa ni imara zaidi, kwa nini viwanda visizifunge bloku zote? Jibu liko katika ufundi wa kusubu na katika joto. Bloku ya uso wazi husubiwa katika kalibu ya chuma, na sehemu ya kalibu inayofanya njia za maji huchomolewa kwa juu mara metali inapoganda. Kazi huenda haraka na kwa gharama ndogo. Bloku ya uso uliofungwa huhitaji viini vya mchanga ambavyo hapana budi vivunjwe na kutolewa baadaye. Tena, uso wazi hufikisha maji mengi hadi juu kabisa ya silinda, mahali penye joto kali kupita pote. Kwa hiyo mhandisi aliyechagua uso wazi hakufanya uzembe. Alipima faida na hasara kwa ajili ya gari ambalo lingetumika kama lilivyotoka kiwandani.

Metali yenyewe ina hadithi kama hiyo. Injini za Kijapani zilizovuma kwa ustahimilivu, kama vile 2JZ-GTE ya Toyota Supra, RB26DETT ya Nissan Skyline GT-R na 4G63 ya Mitsubishi Lancer Evolution, zote zilikuwa na bloku za chuma cha kusubu. Chuma hicho ni kigumu kuliko aloi ya aluminiamu, na hutanuka kwa joto karibu nusu tu ya inavyotanuka aluminiamu. Lakini uzito wake ni zaidi ya mara mbili na nusu kwa ujazo uleule, na hupitisha joto polepole zaidi. Ndiyo sababu Mitsubishi yenyewe, ilipotoa Lancer Evolution ya kumi mwaka 2007, iliiacha bloku ya chuma na kushika ya aluminiamu. Wala chuma hakikuwa cha magari ya kawaida tu. Nelson Piquet alipotwaa ubingwa wa dunia wa Formula One mwaka 1983, gari lake la Brabham lilisukumwa na injini ya BMW yenye turbo, ya lita 1.5 na silinda nne, ambayo msingi wake ulikuwa bloku ya chuma ya magari ya BMW ya barabarani.

Kutokana na mifano hiyo ni rahisi kuhitimisha kwamba penye bloku imara pana injini imara. Hitimisho hilo halithibitiki. Ushahidi ulio karibu ni wa Subaru wenyewe. Jina EJ20 lilianza na gari la Legacy mwaka 1989. Injini za turbo za mwanzo za jina hilo zilikuwa na bloku za uso uliofungwa; baadaye magari mengi ya barabarani yalipewa uso wazi, na matoleo ya STI ya miaka ya 2000 yakapewa uso uliofungwa nusu. Kwa hiyo jina EJ20 peke yake halimwambii mnunuzi ana bloku ya aina gani. Kisha ikaja EJ25 ya lita 2.5, iliyowekwa katika Impreza WRX STI zilizouzwa Marekani. Bloku yake ya turbo ilikuwa ya uso uliofungwa nusu, kwa hiyo kwa hesabu ya hirizi ingepasa kuzishinda zile za uso wazi. Lakini kipenyo cha silinda kiliongezwa kutoka milimita 92 hadi 99.5, na metali iliyo kati ya silinda na jirani yake ikapungua. Kwa kanieneo ileile ya mfano wetu, nguvu juu ya pistoni ilipanda kutoka tani 7 hadi 8. Injini hiyo ikajulikana kwa ugonjwa ambao si wa bloku hata kidogo: kuvunjika kwa kingo za pistoni zilizo kati ya mifereji ya ringi. Pistoni zake zilisubiwa kwa aloi yenye silikoni nyingi, ambayo haichakai upesi wala haitanuki sana, lakini hukatika kama kigae inapopigwa kwa ghafla.

Pigo hilo la ghafla ndilo adui mkuu wa injini ya turbo. Katika mwako wa kawaida, moto huanzia kwenye plagi na kusambaa kwa utaratibu. Hewa ikiwa moto mno, au petroli ikiwa dhaifu, sehemu ya mchanganyiko ambayo haijafikiwa na moto hulipuka yenyewe kwa mkupuo mmoja, na kanieneo hupanda kwa kishindo. Uwezo wa petroli kuzuia mlipuko huo hupimwa kwa namba ya okteni. Magari mengi ya turbo ya soko la Japani yalirekebishwa kwa petroli bora ya huko, ambayo kwa kawaida ni ya okteni 100. Petroli inayouzwa katika vituo vingi vya Afrika Mashariki iko chini ya kiwango hicho. Kompyuta ya injini hujitahidi kuchelewesha cheche ili kuepusha madhara, lakini uwezo wake una mpaka, na fundi anayeongeza msukumo bila kupima huuvuka mpaka huo upesi.

Mwinuko wa nchi huongeza tatizo. Nairobi iko zaidi ya meta 1,600 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa yake ni kama asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Ili kuzijaza silinda kwa kanieneo mara mbili ya ile ya pwani, turbo iliyoko Mombasa hukandamiza hewa mara 2, ilhali iliyoko Nairobi yapaswa kuikandamiza mara 2.4. Hewa ikiingia kwa nyuzi 25 za Selsiasi, na turbo ikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 70, itatoka Mombasa ikiwa na nyuzi karibu 120, na Nairobi karibu 145, kabla ya kupita katika kipozeo. Hakuna uso wa bloku, uwe wazi au umefungwa, unaoziondoa nyuzi hizo 25 za ziada. Kuziondoa ni kazi ya kipozeo safi, mipira isiyovuja, na kiasi katika kudai nguvu.

Hapa lugha ya gereji yenyewe yahitaji kurekebishwa. Injini ya turbo inapokufa, mafundi wengi wa Kenya na Tanzania husema kwamba "imenoki", na neno hilo hufunga shauri. Lakini ndani ya neno hilo moja mna maradhi mbalimbali. Kuna mlipuko wa ghafla uliokwisha elezwa, ambao huvunja pistoni. Kuna kuharibika kwa beringi za konrodi, ambako mara nyingi hutokana na oili kupungua, kuchakaa au kukosa kufika. Kuna gasketi kuungua kwa sababu maji yalipungua na silinda hedi ikapinda. Na kuna, mwishoni, bloku kupasuka au silinda kutikisika kupita kiasi. Daktari anayeandika kwamba mgonjwa "amefariki" bila kutaja ugonjwa hakumsaidia mgonjwa wa kesho. Vivyo hivyo, mwenye gari aliyeambiwa injini imenoki hununua bloku ya uso uliofungwa kwa fedha nyingi, ilhali kilichoiua injini ya kwanza ni mkondo wa oili ulioziba au petroli isiyofaa. Sababu hiyo ikiwa haijaondolewa, bloku mpya nayo itauliwa na ugonjwa uleule.

Wapo watakaojibu kwamba magari ya mashindano hutumia bloku zilizoimarishwa, na kwamba mbio za Safari Rally zimethibitisha jambo hilo. Ni kweli kwamba Toyota Celica yenye turbo ilishinda Safari mfululizo miaka ya 1984, 1985 na 1986, na kwamba Colin McRae aliishinda mwaka 1997 kwa Subaru Impreza. Lakini katika mashindano ya dunia ya mwaka huo wa 1997, hewa yote ya turbo ililazimishwa na kanuni kupita katika tundu la milimita 34, na hivyo nguvu ya injini ilikuwa na kikomo. Timu zilikuwa na mafuta yaliyopimwa, oili mpya, na wahandisi waliozifungua injini na kuzikagua. Ushindi wao ni ushahidi wa utunzaji angalau kama ulivyo ushahidi wa metali. Bloku imara ina faida yake kwa yule aliyekwisha timiza mengine yote na ambaye kwa makusudi anataka nguvu nyingi kuliko zilizokusudiwa na kiwanda. Kwa mwingine yeyote, ni gharama kubwa inayonunua utulivu wa moyo tu.

Kwa hiyo yapasa mpango wa maswali ugeuzwe. Anayenunua gari la turbo aulize kwanza kama mgandamizo wa silinda zote umepimwa na kulingana. Kisha kama oili ilibadilishwa kwa wakati na ni ya aina ipi. Kisha kama maji ya kupozea hupungua. Kisha kama msukumo wa turbo umeongezwa, na nani aliyepima. Swali la uso wa bloku lije baada ya hayo. Gereji nazo zianze kuweka daftari la vifo vya injini, ambamo fundi ataandika ni beringi ipi iliyoharibika, pistoni ipi iliyovunjika, oili ilikuwa kiasi gani, na petroli ya aina gani ilitumika. Vyuo vya ufundi viwafundishe vijana kuifungua injini iliyokufa kwa utaratibu wa uchunguzi, badala ya kuifungua kwa haraka ya kutafuta kipuri cha kubadilisha.

Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama kubwa. Geji ya mgandamizo, mizani ya macho, kalamu na uaminifu vyatosha kuianza. Gereji mia zikiandika kwa mwaka mmoja tu, mafundi wa Afrika Mashariki watakuwa na maarifa yao wenyewe kuhusu injini hizi, yaliyopatikana katika joto, vumbi, mwinuko na petroli za kwao. Maarifa hayo hayawezi kuagizwa pamoja na gari kutoka Japani.